Soloist wetu alipoteza sauti: jinsi queue ilivyotuangusha na stack ikatuinua

Wakuu, Bwana asifiwe. Na kwa wale wa imani nyingine, amani iwe kwenu.

Mimi ni mzee. Humu jukwaani huwa napita nikisoma tu, hasa upande huu wa teknolojia, kwa sababu napenda kujua vitu vinavyofanya kazi vinafanyaje kazi.

Leo nina langu la kusimulia. Sikuhadithiwa. Nilikuwepo, na wengine waliokuwepo wanapita humu pia, kwa hivyo nikiongeza chumvi watanirudi.

Ni habari ya data structures, yaani njia za kupanga taarifa ndani ya kompyuta. Zile mnazofundishwa chuoni mkajiuliza zitawasaidia wapi. Mimi niliziona zikifanya kazi kanisani, upande wa Kawangware, Nairobi, siku ya Jumapili, ngoma zikilia.

Nianze na nyimbo zetu, la sivyo mtapotea.

Kanisa letu ni dogo. Wengi wetu tulitoka Magharibi mwa Kenya tukiwa vijana kuja kutafuta kazi mjini. Hatuimbi kwa kufuata kitabu. Kitabu kipo, kimelala kabatini. Soloist anaita mstari, sisi tunaitikia, ngoma inashika. Anayeamua tuende ubeti gani ni yeye, kwa kutuangalia nyuso.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wageni: wimbo ndani ya wimbo.

Mtu akiguswa, anasimama katikati ya wimbo na kuanzisha mwingine. Kwetu huo si utovu wa adabu. Yeye anaita mstari wa kwanza tu, soloist anaupokea na kuubeba. Ukiisha, lazima turudi kwenye ule wa kwanza, palepale tulipouachia, tuumalize. Wimbo ulioachwa wazi kwetu ni kama mgeni uliyemwacha amesimama mlangoni.

Na soloist hastaafu kwa kutangaza. Anaanzisha wimbo, anaufikisha katikati, anaukata mstari nusu na kunyamaza. Anayempokea anaumalizia. Hapo kiti kimehama. Babu zetu katika imani walifanya hivyo, nasi tukafuata.

Sasa, soloist wetu ni ndugu Hezron, rafiki yangu tangu tukiwa na nywele nyeusi.

Alipata ugonjwa wa koo. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, uhai ukabaki, sauti ikaenda. Akijaribu kusema, inatoka pumzi tu. Kwa uhai uliobaki tunashukuru, maana tungeweza kukosa vyote viwili.

Lakini kiti kikabaki katikati. Hakikuwa chake tena, na hakikuwa cha mwingine.

Wa kumpokea alikuwepo: Nashon, fundi wa mabomba, mtu wa makamo mwenye sauti kama tarumbeta, ambaye Hezron mwenyewe alimlea katika nyimbo. Tulimwomba aongoze. Akakataa.

"Mzee, mimi siwezi kukalia kiti ya mtu ako hai na hajanipa wimbo," aliniambia. "Nikianza, nitaanza kama mwizi."

Basi kila Jumapili alianza yeyote, nyimbo zikawa zinaanguka njiani. Kamati ikaanza kuzungumzia kununua skrini ya kuonyesha maneno ukutani. Na Hezron akaacha kuja. Alikuwa amehamia kwa binti yake Kileleshwa, anakaa ghorofani akiangalia magari. Nilipomwuliza kwa nini, aliandika kwenye simu, ndivyo anavyozungumza siku hizi:

"Nije ninyamaze pale pale nilipokuwa naita?"

Nilimwombea tu.

Binti yake huyo anaitwa Kavetsa. Ofisi yake ni chumba kimoja Hurlingham, juu ya duka la dawa, na kazi yake ni kutengeneza sauti za michezo ya simu na vipindi. Yeye ndiye aliyekumbuka kaseti zangu.

Mimi nina tabia ya miaka mingi ya kurekodi ibada kwa redio ya kaseti. Mke wangu huziita takataka za mzee. Humo ndani Hezron anaita, tena na tena, akiwa kijana, akiwa na mafua, akiwa na furaha ya kupata mtoto.

Kavetsa akasema, "Uncle, tukikata mistari yake moja moja, Baba anaweza kuita tena. Anakanyaga pedali, mstari unatoka. Anakabidhi wimbo kama inavyotakiwa."

Kijana mmoja wa kamati akapendekeza njia fupi: siku hizi kompyuta inaweza kujifunza sauti ya mtu na kuimba chochote. Hezron akaandika:

"Nisichowahi kuimba, nisiimbishwe."

Nikamwelewa. Kaseti ni ushahidi. Hiyo nyingine ni jambo jingine.

Basi nikaanza kwenda Hurlingham na mfuko wa kaseti, nikawa mwanafunzi.

Kwa wasiojua: Kavetsa haandiki programu kwa maneno. Anachora. Skrini ina visanduku vidogo, kila kimoja na kazi yake: hiki kinasikiliza pedali, hiki kinacheza sauti, hiki kinaongeza nguvu. Anaviunganisha kwa nyaya, kama fundi anavyounganisha maikrofoni, amplifaya na spika, ila hapa nyaya ni michoro. Sauti unaiona ikipita.

Nilimwuliza, "Na humu ndani baba yako yuko wapi?"

Akafungua kisanduku kimoja, nikaona mstari unaopanda na kushuka kama milima. Akaukuza, ukawa nukta. Kila nukta ni namba.

"Hii inaitwa array," akasema. "Ni namba zimepangwa kwa safu. Kila namba na nafasi yake. Nikitaka mstari wa pili wa wimbo, naambia kompyuta: anzia nafasi hii, ishia ile."

"Na ukizichanganya?"

Akazichanganya, kwa nakala, msihofu. Ikatoka sauti kama mvua juu ya mabati.

Jambo hilo nimelitafakari sana, wakuu. Namba zote zilikuwepo, hakuna iliyopungua. Ila mpangilio ulipoondoka, Hezron naye akaondoka. Nimefundisha Biblia kwa watu wazima miaka mingi, na sijawahi kupata mfano mzuri hivyo wa kusema kwamba mtu si mavumbi tu.

Turudi kwenye habari.

Kavetsa akatengeneza toleo la kwanza. Alichukua wimbo ambao baba yake aliuchagua wa kukabidhi, akaipanga mistari yake kama kitabu kinavyosema: ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaiweka kwenye queue. Queue ni foleni, kama ya benki. Aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Kila Hezron akikanyaga, mstari ulio mbele unatoka, unaofuata unasogea.

Ilifanya kazi vizuri sana pale ofisini.

Tukamshawishi Hezron aje mazoezi ya Jumamosi. Alikuja na kofia yake, akaketi, akakanyaga. Sauti yake ikatoka kwenye spika, na nyuma yake ngoma za zamani kwa mbali.

Watu waliitikia huku wanalia.

Kisha Mama Trufena akaguswa.

Mama Trufena ni mzee wetu wa kike, na hakuna wimbo aliowahi kuuacha uishe bila kuweka wake katikati. Alisimama, akaanzisha. Watu wakamfuata, kama kawaida. Hezron akakanyaga ili aupokee, kama alivyofanya maisha yake yote.

Ukatoka mstari wa ubeti wa tatu wa ule wimbo wa kwanza.

Akakanyaga tena. Ukatoka mstari unaofuata. Foleni haijui kwamba watu wameondoka benki.

Nyimbo mbili zikagongana, ngoma ikapotea, na Mama Trufena, ambaye hana kizuizi mdomoni, akapaza sauti: "Hezron! Umekuwa treni? Husimami stesheni ukaona abiria?"

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Hezron hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka.

Nilimpata nje, ameegemea ukuta. Akanionyesha simu: "MIMI SI REDIO."

Baada ya hapo alikataa kusikia habari za pedali. Kavetsa alijilaumu. "Nimekulia hapo kanisani, Uncle. Nimelala kwa mapaja ya Mama Trufena. Na bado nikapanga nyimbo kama mtu ambaye hajawahi kuingia."

Nikamwambia, "Kosa lako ni kuamini kitabu chetu. Sisi wenyewe hatukiamini."

Angalau alicheka. Nikakaa. Nilikuwa na swali lililonisumbua: kama foleni imeshindwa, je, kuna mpangilio mwingine? Nikamwomba anieleze yote anayoyajua, polepole, maana sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Akafungua chupa ya chai. Halafu badala ya kueleza, akaanza kuniuliza mimi.

"Baba akiwa katikati ya wimbo wake, Mama Trufena akaingiza wake. Tuseme katikati ya huo wa Mama Trufena, mtu mwingine naye akaguswa. Mnamaliza upi kwanza?"

"Wa mwisho."

"Halafu?"

"Halafu wa Trufena, pale tulipouachia. Halafu wa baba yako."

"Mnaweza kurukia wa Baba kabla ya kumaliza wa Trufena?"

"Trufena atakubali?"

Aliweka kikombe chini. "Uncle. Hiyo ni stack."

"Ni nini?"

"Kama sahani za kanisa zikishaoshwa. Unapanga moja juu ya nyingine. Ukitaka kuchukua, unachukua ya juu, iliyowekwa mwisho. Ya chini inangoja. Haipotei, inangoja tu."

Nilikumbuka jinsi Bwana mwenyewe alivyotembea duniani: anaelekea nyumba moja yenye shida, njiani anasimamishwa na mwingine, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anaendelea na safari ile ya kwanza. Hakusahau alikokuwa akienda. Aliyeingilia hakufukuzwa, na aliyetangulia hakuachwa.

Nikamwambia Kavetsa. Akasema hajawahi kuisikia stack ikielezwa hivyo, lakini ni sawasawa.

Akavuta visanduku upya. Nieleze alivyofanya, kwa wale wenye kutaka kujaribu.

Kwanza aliondoa foleni. Nyimbo zote za kaseti akaziweka kwenye dictionary. Kama kamusi ya kawaida: unatafuta neno, unapata maana. Hapa unatafuta jina la wimbo, unapata mistari yake na nafasi zake kwenye array. Majina yakatokea kwenye simu ya Hezron.

Halafu stack. Akigusa jina la wimbo, huo unawekwa juu ya rundo na ule wa awali unabaki chini yake, ukikumbuka mstari ulipofika. Pedali ya kulia inaita mstari unaofuata, na sauti inatoka tu wakati mguu umekanyaga. Ukiinua mguu, inakatika. Pedali ya kushoto inaondoa wimbo wa juu ulioisha, na ule wa chini yake unaendelea.

Ni hayo tu. Visanduku vichache kuliko vya kwanza.

Lakini Hezron alikuwa bado amekataa.

Nikamwalika chai pale Adams Arcade, mahali tulipozoea kukutana tukiwa vijana wa kazi. Sikumbembeleza. Nilimweleza tu kuhusu sahani.

Alisikiliza. Akachukua vibao vya kuwekea glasi pale mezani, akavipanga kimoja juu ya kingine. Akaondoa cha juu. Akatazama cha chini kwa muda mrefu, mhudumu akidhani tunataka kuagiza.

Kisha akaandika: "Na key?"

Key ni kimo cha sauti tunachoshikia wimbo, lakini sikuelewa anauliza nini. Akaongeza: "Tukirudi kwa wimbo wa kwanza, key ni ile ile tuliyoachia? HAPANA. Watu wameshapanda."

Ni kweli, wakuu. Watu wakipata moto, sauti zinapanda bila mtu kujua. Ukirudi na key ya zamani, unawarudisha kwenye baridi.

Nikampigia Kavetsa palepale. Akasema, "Hiyo ni rahisi, nitahifadhi key pamoja na mstari kwenye stack."

Hezron, aliyekuwa akisikia kwa spika, akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaandika, nami nikamsomea binti yake:

"Mstari naukumbuka. Key siikumbuki. Key naisikiliza."

Kisha Kavetsa akasema taratibu, "Baba, rudia hiyo."

Sikuhitaji kurudia. Alikuwa ameelewa. Akaweka maikrofoni upande wa watu na kisanduku kinachosikia wameshika key gani, ili mstari wa Hezron upandishwe au ushushwe kidogo kuwafuata. Kidogo tu, maana ukizidisha mzee anaimba kama bata. Tulilijaribu hilo pia. Hezron alicheka bila sauti mpaka machozi, na hapo nikajua amerudi.

Kuna vitu vya kuweka kwenye stack na vitu vya kusikiliza upya kila wakati. Hilo nimelishika kwa mambo mengine mengi, hata ya nyumbani.

Jumapili ikafika.

Hezron aliketi kwenye benchi la mbele, pedali chini, simu mkononi. Nashon upande wake, amevaa suti, anatoka jasho. Kavetsa na kompyuta karibu na ngoma. Mama Trufena nyuma yangu, na nilimsikia akimwambia jirani yake, "Leo sitaingiza. Nitakaa kimya kama maji ya mtungi."

Hezron akakanyaga. Akaita. Tukaitikia.

Ubeti wa kwanza, wa pili. Kanisa likapata moto. Ikawa dhahiri kwamba mbele kidogo ndipo pa kukata.

Mama Trufena akasimama.

Nadhani hakuamua. Ulimjia tu. Wimbo wake ukapanda, watu wakageuka, na mimi nikafumba macho.

Niliyafumbua niliposikia sauti ya Hezron, yenye mafua, kutoka kaseti ya zamani kabisa, ikiupokea wimbo wa Trufena. Alikuwa ameshagusa jina la wimbo huo kwenye simu. Akaubeba mstari kwa mstari mpaka mwisho, na bibi huyo akipiga makofi kama msichana.

Ukaisha. Ngoma ikangoja.

Hezron akahamisha mguu upande wa kushoto, kisha kulia.

Wimbo wa kwanza ukarudi. Mstari uleule tulioungoja, kwenye key tuliyokuwa tumefikia, si ya chini. Watu walinguruma. Mama Trufena akapiga kelele, "Huyo sasa ndiye Hezron!"

Alituita mara moja, tukaitikia. Akatuita tena.

Na katikati ya mstari, akainua mguu.

Sijawahi kusikia kimya kama kile. Spika haikutoa hata mkwaruzo. Hezron aligeuka akamtazama Nashon.

Nashon alifungua kinywa. Kisha akaumalizia mstari, kwa sauti yake mwenyewe, na kanisa zima likamwitikia kwa kishindo. Akaufikisha wimbo mwisho akiwa amekalia kiti, bila kujua ameketi saa ngapi.

Tangu siku hiyo pedali ziko ndani ya boksi nyumbani kwa Kavetsa. Skrini ya kamati haijazungumziwa tena. Hezron anakuja kila Jumapili, anakaa katikati yetu, anapiga makofi na kusogeza midomo kwenye kuitikia. Mtu aliyeita maisha yake yote sasa anaitikia, na anasema, kwa simu yake, kwamba hakujua upande huu una utamu hivi.

Funzo langu, wakuu: kabla hujachagua mpangilio wa kuweka vitu, kaa kwanza na watu uone wao hurudi vipi. Na usidharau anayekuingilia. Huenda yeye ndiye atakayekuonyesha chombo chako kina kasoro wapi.

Wenye uzoefu wa programu hizi za kuchora sauti, nisaidieni: mnafanyaje kisanduku kisikie key ya watu wakati ngoma zinapiga? Chetu kilibahatika, kilisikia ngoma ziliposhuka. Na kama kanisani au msikitini kwenu kuna utaratibu wa kukabidhiana kama huu, uandikeni hapa, nitausoma kwa furaha.

La mwisho. Ibada ilipoisha Kavetsa alimwita baba yake kwenye kompyuta. Kwenye rundo ulikuwa umebaki wimbo mmoja, umesimama nusu ya mstari, kwa sababu kwa mashine hakuna aliyeumaliza.

"Baba, niufunge?"

Hezron alimtazama Nashon aliyekuwa mlangoni akisalimiana na watu. Akaandika polepole:

"Si wangu tena kuufunga."

Kavetsa akahifadhi hivyohivyo. Anasema hata leo akiifungua, wimbo upo palepale, unangoja.